Mwalimu wa akili mnemba kwenye simu: miezi sita na mama mdogo, darasa la QT Mwanjelwa

Wadau wa Mbeya na majirani zetu wa Songwe, Iringa na Njombe habari zenu. Kuna watu kama wanne wameniuliza dukani kuhusu hii huduma ya kusoma na akili mnemba kwenye simu kwaio naona bora niandike mara moja. Mi nina stesheneri Soweto, natoa kopi, naprinti, nauza madaftari, na wateja wangu wengi wa jioni ni watu wazima wanaosoma QT, ule mtihani wa kuingilia sekondari ukubwani, nitaueleza chini. Wanakuja kutoa pastipepa, alafu nikishampa mtu karatasi zake anazikunja haraka anazificha ndani ya koti au chini ya kitenge kabla hajatoka mlangoni, mtu wa miaka arobaini na kitu anaficha karatasi ya hesabu ya form two asionekane nayo mtaani. Nimeliona hilo miaka yote na linaniuma sana, na ndo limenifanya nimfuatilie mama mdogo wangu kwa karibu alipoanza kusoma na hicho kitu.

Huduma yenyewe iko hivi. Kuna kituo cha masomo ya jioni maeneo ya Mwanjelwa, ukishukia Kabwe unatembea tu kwa mguu, jina siliweki hapa maana nina la kuwasema huko mbele na sitaki ugomvi. Wanafundisha QT pamoja na form four kwa wanaorisiti, saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mwezi wa pili mwaka huu wakaongeza kitu wanakiita mwalimu wa usiku, ni akili mnemba unachati nayo WhatsApp, unaandika swali au unatuma voisi au unapiga picha ukurasa wa kitabu, yenyewe inajibu kwa maandishi na ukitaka inakujibu kwa sauti. Ada ya darasa ni elfu thelathini kwa mwezi, ukitaka na mwalimu wa usiku unaongeza elfu tano.

Mama mdogo anauza viazi na vitunguu sokoni Mwanjelwa. Alimaliza darasa la saba 1989, hakuchaguliwa, enzi zile sekondari zilikuwa chache mno unaweza ukafaulu vizuri tu na nafasi isikufikie, akaolewa, akalea, akasomesha watoto watatu, wa mwisho alipomaliza chuo akasema sasa zamu yangu. Kwa wasiojua, QT ni ule mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani) kwa aliyeishia darasa la saba au aliyekwama njiani, ukiufaulu ndo unaruhusiwa kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Darasani kwao wapo ishirini na mbili, kuna dereva wa bajaji, kuna walinzi, kuna fundi cherehani, na kuna mabinti waliokatishwa shule kwa ujauzito. Najua serikali ilifungua mlango wa kurudi shule tangu Novemba 2021, ila ukiwa na mtoto mgongoni na kodi ya chumba ile ratiba ya asubuhi haikubebi, jioni ndo nafasi yako.

Sasa nieleze kilichotokea wiki ya kwanza. Mwalimu wa hesabu kaandika x ubaoni, mama mdogo akanyoosha mkono akauliza hiyo herufi inafanya nini kwenye hesabu. Kijana mmoja nyuma akacheka. Basi. Mama yule hakufungua mdomo tena darasani wiki mbili nzima, anakaa, ananakili, anarudi nyumbani. Nilikuja kujua kwa sababu aliniletea simu nimwongezee ukubwa wa maandishi (hilo wazee wengi hawajui, unaweza ukakuza maandishi kwenye setingi, na kama bado hayaonekani katafute miwani ya kusomea usijitese), nikaona mazungumzo yake na yule mwalimu wa usiku. Kaanza saa tatu na dakika arobaini usiku, kamaliza saa sita kasoro. Swali ni lilelile moja, x ni nini, kaliuliza mara kumi na moja. Nimezihesabu. Mara ya kwanza ikamjibu kitabuni kabisa, kigeu sijui mlinganyo, akasema sijaelewa. Ikamjibu kwa ndizi, akasema sijaelewa. Akaiambia mi nauza viazi, niambie kwa viazi. Ikamwambia chukulia una magunia mawili yanayolingana uzito, hujayapima, na pembeni una kilo kumi za vitunguu, ukiweka vyote kwenye mzani vinasoma kilo 190, sasa gunia moja lina kilo ngapi. Akajibu tisini. Ikamwambia hiyo tisini ndo x, x ni gunia ambalo bado hujalipima. Meseji yake ya mwisho usiku ule ni neno moja tu, ahaa.

Mi nimesoma mpaka diploma na hakuna mtu aliwahi kunielezea x hivyo.

Simlaumu mwalimu wa darasani, yule ana watu ishirini na mbili na masaa matatu ya kugawa kwa masomo matatu, hawezi kumsikiliza mtu mmoja mara kumi na moja, na hata angekuwa na muda mama mdogo asingethubutu kurudia mbele za watu mara ya tatu. Watu wanasema watu wazima hawasomi kwa sababu ya ada. Ada ipo kweli, ila kwa ninavyowaona dukani kinachowarudisha nyumbani wengi ni aibu, na saa nne usiku umejifunika blanketi na baridi yetu hii ya Mbeya, watoto wamelala, hakuna wa kukucheka. Kwa hilo peke yake elfu tano sio hela.

Jambo la pili ambalo limenigusa ni lugha. Huyu mtu kasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, anarudi baada ya miaka thelathini na kitu anakuta sekondari karibu kila somo ni Kiingereza ukiacha Kiswahili chenyewe, na mtihani ndo hivohivo. Yani anabebeshwa mizigo miwili, baiolojia na lugha ya baiolojia. Alichofanya ni kupiga picha ukurasa wa kitabu, anatuma, anasema nieleweshe kwa Kiswahili kwanza. Ikamweleza usanisinuru, jani linavyotumia mwanga wa jua na maji na hewa kutengeneza chakula, ikamuuliza maswali mawili kuona kama kaelewa, alafu ndo ikamrudisha kwenye neno la Kiingereza, ikalikata vipandevipande ili aweze kulitamka na kuliandika. Alichukua kwangu kaunta buku ya kwaya mbili, kila ukurasa kaupiga mstari katikati, kushoto neno la Kiingereza, kulia maana kwa Kiswahili chake mwenyewe, sio cha kamusi. Imefika ukurasa wa sitini na kitu. Hiyo kaunta buku wenzake saivi wanakuja nayo kwangu kuitolea kopi.

Na hesabu zimeingia kwenye biashara, hili sikulitegemea. Walikuwa kwenye asilimia. Akaiambia gunia la viazi nanunua elfu themanini, mbebaji na ushuru elfu tatu, napata sado ishirini na nane, nauza sado moja elfu tatu na mia tano. Ikamuuliza kwanza sado ni nini, akaielekeza ni kile kindoo cha rangi cha lita nne. Ikampigia, mauzo 98,000, toa 83,000, faida 15,000, sawa na asilimia kumi na nane. Akafurahi. Ila ikamuuliza swali ambalo mi nisingeliuliza, je sado zote ishirini na nane zinauzika? Akanyamaza, alafu akasema hapana, kila gunia hukosi sado tatu zilizooza au zilizopigwa jembe. Wakarudia. Sado ishirini na tano ni 87,500, faida inabaki 4,500, asilimia tano na kitu. Mama mdogo anasema usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alienda kuongea na mtu wake wa Uporoto anayemletea mzigo, akamwambia kuanzia leo gunia tunalimwaga chini tunachagua kabla ya hela, na lile lumbesa la juu (mzigo unaozidi mdomo wa gunia) sihitaji kama chini mmenijazia vibovu. Mtu kauza viazi miaka ishirini.

Sasa nakuja kwenye mabaya, na naomba msome hapa kwa makini kuliko huko juu.

Sauti. Sisi watu wa huku tuna lafudhi yetu, mama mdogo ni Mnyakyusa wa Tukuyu, z yake inatoka s na v yake wakati mwingine inatoka f, ndo tunavyoongea na hatuna cha kuomba msamaha. Akituma voisi ya viazi mashine inaandika fisi. Siku moja imemjibu aya nzima kuhusu fisi wa porini. Ukiongea taratibu inapunguza makosa, ila kumwambia mtu abadilishe mdomo wake ili aeleweke na simu mi siafiki, waliotengeneza ndo wanatakiwa waje wasikilize watu wa Rungwe, Kyela na Ileje wanavyoongea. Mtoto wa mjini aliyekulia Dar inamsikia bila shida, kwaio wanaoumia ni walewale ambao shule iliwaacha mara ya kwanza.

Alafu inachanganya nchi. Kuna siku imemwambia mtihani wa kidato cha nne unaitwa KCSE, hiyo ni ya Kenya. Hilo ni dogo, mtu analijua.

Kubwa ni hili. Aliuliza historia, vita vya Majimaji kwa upande wetu wa kusini, ikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba Mkwawa aliwaongoza Wahehe kwenye Majimaji. Mama mdogo kaandika kwenye daftari lake vizuri na mstari kaupiga chini. Bahati baba mdogo ni Mhehe wa Kalenga, alikuwa anakula pembeni, akaweka tonge chini akasema nani kakwambia hayo. Mkwawa aliwapiga Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, kamanda wao Zelewski akafia palepale, wakarudi 1894 wakaibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga, na mwenyewe Mkwawa akajipiga risasi Julai 1898 ili wasimkamate akiwa hai. Majimaji imeanza 1905. Mtu aliyekufa miaka saba kabla anaongozaje vita? Kwa baba mdogo hayo hayakuwa mambo ya mtihani, fuvu la Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani 1954 na liko pale makumbusho ya Kalenga, kaliona tangu yuko mdogo, kwake ile ni familia.

Wakaiandikia tena, ikaomba radhi, ikasahihisha vizuri na tarehe zote sawasawa. Watu wengi wangeishia hapo wakasema safi inajirekebisha. Mi roho haikutulia. Kesho yake nikachukua simu nikaiandikia hapana umekosea, Mkwawa alikufa 1910. Unajua ilijibu nini? Asante kwa kunisahihisha, ni kweli. Nikaiacha kwanza nikaenda kuhudumia mteja maana nilishtuka.

Kwaio muelewe inavyofanya kazi. Hiki kitu hakifungui kitabu kikakusomea, kimesomeshwa maandishi mengi mno alafu kinakisia neno linalofuata kutokana na yale kiliyoyaona, na mengi kiliyoyaona ni ya Kiingereza na ni ya mambo ya mbali. Hesabu za form two na baiolojia ya majani zimeandikwa kila mahali duniani kwaio hapo iko vizuri, Uhehe na Unyakyusa kwa Kiswahili vimeandikwa kidogo mtandaoni kwaio hapo inajazia, na inajazia kwa sauti ileile ya kujiamini. Alafu imezoezwa kumpendeza mtu, ukiibishia inakubali. Mtu aliyesoma anaweza akaishika uongo, lakini tunaiweka mikononi mwa mtu ambaye amekuja kwa sababu hajui! Mama mdogo ameokolewa na mume wake aliyekuwa anakula ugali. Asiye na wa kumwambia weka hiyo chini, je? Sheria tuliyojiwekea nyumbani ni kwamba jina la mtu, mwaka na mahali havikai kwenye kaunta buku mpaka viwe vimeonekana kitabuni, na hesabu anairudia mwenyewe kwa mkono bila simu.

Na hapo ndo naingia kwenye kituo chenyewe. Mwezi wa sita walipunguza vipindi vya hesabu vya mwalimu kutoka vitatu kwa wiki hadi kimoja, wakawaambia wanafunzi mengine muulizeni mwalimu wa usiku. Ada haikupungua. Darasani watu tisa wanatumia viswaswadu, hawana hiyo WhatsApp, hao wamuulize nani? Mlinzi mmoja alikuja dukani kwangu na swali la kugawanya sehemu kaliandika mkononi kwa kalamu, ananiuliza mimi. Nilienda nikaongea na mwenye kituo kwa heshima zote, shikamoo mzee, akaniambia walimu ni gharama na teknolojia ndo inakoelekea. Nikamwambia mzee hawa watu wamekulipa ili wapate mtu wa kuwaangalia usoni akajua hawajaelewa. Tulimaliza vizuri ila vipindi havijarudi mpaka leo naandika.

Hili linaniumiza zaidi kwa sababu ya bibi yetu wa Tukuyu, Mungu amrehemu. Yeye alijua kusoma ukubwani, kwenye kisomo. 1970 ilitangazwa ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Mwalimu Nyerere alilibeba lile jambo kwa uzito, watu wakasoma chini ya miti na kwenye maofisi ya chama. Bibi alikuwa anatusimulia Mtu ni Afya ya 1973, ile kampeni ya afya ya redioni, redio moja kijiji kizima, wanakaa kikundi, kuna kiongozi wa kikundi na kijitabu, kipindi kikiisha wanasoma pamoja, wanajadiliana, wanakubaliana tunachimba choo wapi, na kesho yake majembe yanatoka. Redio ile ilikuwa haiulizwi swali wala haijibu, na bado watu walijifunza kwa sababu ilikuwa imezungukwa na watu. Hii ya leo inajibu mpaka usiku wa manane alafu tunampa mtu mmoja mmoja akajifungie nayo chumbani.

Mama mdogo bila kuambiwa na mtu amerudia ya bibi. Saa kumi na mbili hivi soko likianza kutulia, siku zisizo na kipindi, anakaa na wamama wawili wa vitunguu juu ya makreti, simu moja ya kwake, mmoja anasoma swali, mmoja anaandika, wa tatu kazi yake ni kubisha. Kweli kabisa, wamemteua wa kubisha. Kila jibu likija anauliza umejuaje, na hapo wanafungua kitabu. Hao wawili hawajalipia mwalimu wa usiku, wanatumia wa mwenzao. Kama kituo kingekuwa na akili kingewapanga wanafunzi wote hivyo, wenye viswaswadu wagawanywe kwa wenye simu, na mwalimu wa hesabu apite vikundini kusikiliza wanakobishania, maana hapo ndo kwenye shida zao.

Bando sio kubwa kama watu wanavyoogopa, maandishi yanakula kidogo, voisi inakula zaidi, mama mdogo la elfu mbili linamfikisha wiki. Umeme ukikatika hakikisha simu ina chaji mapema. Mtandao Mwanjelwa, Soweto na Forest uko vizuri, ila kwa ndugu yetu anayekaa juu huko milimani inabidi asogee barabarani ndo meseji ziende.

Tahadhari nyingine kwa vijana. Hii kitu ukiiachia inakupa jibu zima. Unapiga picha pastipepa, sekunde kumi majibu haya hapa yamenyooka, unanakili, unajiona umesoma. Kuna binti pale darasani alikuwa anapeleka kazi safi kila siku, mtihani wa majaribio wa mwezi wa saba hesabu kapata 9. Alilia mbele ya watu, na mi simcheki, hakuna aliyemwelekeza. Mama mdogo aliyepata 12 mwezi wa tatu safari hii kapata 41. Yeye aliona mapema, kila akianza anaiandikia sentensi moja ambayo amewafundisha na wenzake, usinipe jibu, niulize mpaka nifike mwenyewe. Inamtii. Wakati mwingine inasahau katikati inampa, anairudisha.

Mnaoniuliza kama mjiunge, kwa mwenye simu janja na mtu wa kumbishia nyumbani au sokoni mi nasema jiunge kesho. Kwa asiye na hivyo viwili, tafuta kwanza kituo chenye mwalimu wa hesabu vipindi vitatu, hata kama hakina mashine yoyote. Na mwenye kituo kama unasoma hapa, rudisha vile vipindi viwili, mtihani ni Novemba na watu wamelipa.

Alhamisi iliyopita mama mdogo kaja dukani saa nane mchana, duka limejaa wanafunzi wa chuo. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akasema kwa sauti ya sokoni kabisa nitolee hesabu ya QT, ile ya mwaka juzi. Nikamtolea kurasa zote pamoja na majibu nyuma kama ninavyowatoleaga wote. Akazikagua moja moja pale kaunta mbele za watu, akachomoa zile za majibu akanirudishia, akasema hizi baki nazo, nitakuja kuzichukua Jumatatu. Akazishika zilizobaki mkononi hivohivo bila kuzikunja, akatoka nazo.